Hesabu ya Mafungu ku Mutihani wa Mwaka wa Sita: Pale Watoto Wetu Wanaangukia

Haya ni maneno ya mwalimu mwenzetu, memba wa chama, aliyoyasema mbele ya wazazi katika kikao chetu. Wengi waliomba yaandikwe. Tunayatoa kama alivyosema, tumepunguza kidogo tu.

 

Waliniomba niseme juu ya TENAFEP, ule mutihani wa kitaifa wa mwisho wa masomo ya msingi, wenye leo wengi wanauita ENAFEP. Nikajibu: mutihani wote siuwezi kwa saa moja. Nitasema juu ya aina moja ya hesabu tu. Mu daftari za watoto wenu mutaikuta na majina mengi ya Kifaransa: règle de trois, partage proportionnel, échelle, pourcentage, mélange. Majina ni mengi lakini ni watoto wa tumbo moja. Zote zinauliza neno moja: kama hiki kiko kadiri hii kwa kile, basi kikibadilika hiki, kile kitakuwa kiasi gani?

Na hii hesabu, wazazi wangu, hakuna mutu hapa ndani asiyeijua. Mama anayeuza mawese anaijua. Fundi wa kujenga anaijua, yeye anasema ndoo moja ya sima, mbili za mchanga, ine za changarawe, na ukimwambia changarawe iko ndoo 12 atakuambia sima 3 mbele hujamaliza kusema. Na sisi wote wenye tulikaa kambini, Lugufu ao Nyarugusu, tuliishi ndani ya hesabu hiyo. Kadi ya mgao ilikuwa na nini? Hesabu ya watu wa nyumba. Watu 4, kipimo hiki. Watu 8, mara mbili yake. Hata bibi yangu mwenye hakuingia masomo hata siku moja alikuwa anajua kama wamemuibia kikombe kimoja cha mbaazi.

Sasa juu ya nini watoto wa watu kama hawa wanaanguka palepale?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi mumoja, binti. Jina nitalifunga. Familia yake ilirudi kutoka Nyarugusu yeye akiwa mwaka wa ine. Asubuhi masomo, kisha saa sita anauza ndagala pamoja na mama yake. Siku moja nilitoa swali ubaoni: makopo 4 ya ndagala ni 6 000 faranga, makopo 10 ni feza ngapi? Akaandika hivi: 4 ni 6 000, 8 ni 12 000, 2 ni 3 000, jumla 15 000.

Jibu ni sawa kabisa. Mimi nikamuandikia zero ku kazi. Juu ya nini? Juu hakuandika ile mistari mitatu ya règle de trois sawa vile niliifundisha: 4 inagharimu 6 000, 1 inagharimu 6 000 gawanya kwa 4, 10 inagharimu mara 10. Nilitaka mistari yangu. Nikamwambia, "Hii ni hesabu ya soko, hapa tuko mu masomo." Kalasi yote ikacheka.

Toka siku ile yule mutoto aliacha kufikiri mu hesabu zangu. Alianza kutafuta mistari. Akiona namba tatu mu swali anazipanga, anazidisha msalaba, anagawanya, anaandika. Inafika vizuri kama swali ni la kununua na kuuza. Lakini maswali ya mutihani hayako yote ya kununua na kuuza. Mwaka uliopita alianguka, na nilipomuuliza maswali aliyoyakumbuka, niliona kama mengi yaliyomuangusha ni haya haya, yenye anayafanya kila siku mukononi. Baba yake aliniambia: "Mwalimu, acha auze tu, ule ndio ujuzi wake." Njo nikaona nisimame hapa mbele yenu.

Tuchukue lile la wafanyakazi, lenye linaangusha wengi kupita yote. "Six ouvriers font un travail en 10 jours. En combien de jours 15 ouvriers feront-ils le même travail?" Watu 6 wanalima shamba kwa siku 10. Watu 15 watalilima kwa siku ngapi? Mwaka ule kalasi yangu ilikuwa imejaa, watoto wane ku banki moja, toka kulipa kwa masomo ya msingi kulipoondolewa mwaka wa 2019 tumekuwa na watoto wengi, na ni jambo zuri, lakini mwalimu hawezi kufika ku kila daftari. Nikapita ku banki za mbele nikatazama. Karibu wote: vingt-cinq. Siku 25. Wamezidisha msalaba, 15 mara 10, gawanya kwa 6.

Nikawauliza: watu 6 wanamaliza kwa siku 10, wakija wengine 9 kusaidia, kazi inachukua siku 25? Kimya. Kisha kijana mumoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, pengine hao wengine ni wavivu." Nilicheka mpaka nikaketi. Lakini angalia, ni yeye peke yake aliyejaribu kutafuta maana. Wengine walikuwa wameshaacha maana ku mulango wa kalasi.

Tena angalieni jambo lingine. Mu mutihani, mutoto anachagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Mwenye kutunga mutihani si mujinga. Anajua wapi mutoto atakosea, na jibu la kosa analiweka pale karibu na lile la kweli. 25 iko pale inamungojea. Mutoto anahesabu, anapata 25, anaiona kati ya majibu, anafurahi, anaweka alama. Kuona jibu lako kati ya yale yaliyoandikwa haionyeshi kama umepata.

Namna ya kulifikiri ni hii. Kazi yote ni kiasi gani? Watu 6 mara siku 10: ni siku 60 za mutu mumoja. Kama mutu mumoja angelilima lile shamba peke yake, siku 60. Sasa hizo 60 tunawagawia watu 15: siku 4. Na mutoto ajiulize mbele ya kuandika hata namba moja: watu wakiongezeka, siku zinaongezeka ao zinapunguka? Akijibu "zinapunguka", basi jibu lolote kupita 10 alikate mara moja. Hata kama hajui kuendelea, ameshatupa majibu mawili ao matatu ya uongo.

Ao muchukue mufano wa kwetu. Mu kambi, familia ya watu 6 imepokea chakula cha siku 14. Kesho yake mugeni anafika, ndugu ya mama, anakaa. Chakula kitafika siku ngapi? Mukizidisha msalaba mutapata siku 16 na kitu. Mugeni ameingia na chakula kimekaa zaidi! Mugeni kama huyo, tungepigana nani amukaribishe. (Watu wakacheka.) Nyinyi wamama munajua kweli yake. 6 mara 14 ni 84, gawanya kwa 7 ni siku 12. Zile siku 2 za mwisho munazikumbuka. Watoto wenu wengi hawakuzaliwa ao walikuwa wadogo, lakini mukiwaelezea hivyo hawatasahau tena règle de trois inverse.

Sasa nifike ku Kifaransa, juu hapo njo kidonda kiko.

Watoto wa kambini walifuata programu ya Kongo, ni kweli, na walimu wetu kule walijitahidi. Lakini Kifaransa kilikuwa cha kalasi tu. Nje ya kalasi ni Kiswahili, Kibembe, Kifuliro, na Kiswahili cha Watanzania. Kuna wengine wenye wazazi wao walikaa inje ya kambi na walisoma kwa programu nyingine kabisa, wamefika hapa Kifaransa ni sauti tu. Mutihani unakuja kwa Kifaransa. Na Kifaransa cha hesabu haiko kile cha "bonjour". Ni maneno madogo madogo yenye yanabeba swali lote mugongoni.

Nilimupa yule binti swali hili: "Trois associés ont versé respectivement 120, 180 et 300 dollars…" Akasimama pale. Nikamuuliza, neno gani? Akaweka kidole ku "respectivement". Nikasema, unafikiri linasema nini? Akajibu: "Walilipa kwa heshima."

Musicheke. Ni akili ilifanya kazi pale. Amesikia "respect" kanisani na mu masomo, amejua ni heshima, basi akaelewa watu watatu walilipa kwa heshima feza 120, 180 na 300, na hakuelewa nani alilipa ngapi. Neno hilo linasema tu: kwa mupango ule ule, wa kwanza 120, wa pili 180, wa tatu 300. Mutu akimuambia mara moja kwa Kiswahili, limeisha. Hakuna aliyemuambia. Mimi sikumuambia, miaka mbili.

Kuna mengine. "À raison de": ni kile tunachosema "kila kimoja kwa". Lita 20 à raison de 3 000 faranga lita: kila lita kwa 3 000. "Proportionnellement à leurs mises": kwa kadiri ya kile kila mumoja alichoweka. "Le reste": kile kilichobaki, na mutoto akikosa hilo anachukua tena jumla yote. Na kuna yale mawili yenye yanafanana sawa vile mapacha: "augmenter de 1/4" na "réduire au 1/4". Mushahara wa 200 ukiongezwa robo yake unakuwa 250. Mushahara wa 200 ukipunguzwa mpaka robo unabaki 50. Herufi mbili tu, "de" na "au". Ku Kiswahili hatuwezi kuchanganya "kwa robo" na "mpaka robo", masikio yetu yanakataa. Ku Kifaransa mutoto anapita juu yake kama maji.

Kwa hiyo ninachoomba wazazi wenye kujua Kifaransa, hata kidogo: musimufundishe mutoto hesabu, anaijua. Mumusomee swali, asiruhusiwe kuandika kitu, kisha aliseme kwa Kiswahili cha nyumbani, lote, kama anamuelezea mudogo wake. Akiweza kulisema, nusu imeisha. Akikwama, pale alipokwama njo pale pa kumusaidia.

Lile swali la washiriki watatu, hamkulisahau nyinyi wazee wa hapa. Mimi sikulitoa kitabuni. Ni letu.

Wapya hawajui, niwaambie. Tuliponunua mashine ya kusaga mihogo, vijana waliweka dola 120, wamama 180, wavuvi 300. Mwisho wa musimu faida ilikuwa 450. Mwandishi wetu wa wakati ule, mutu mwema, alichukua 450 akagawanya kwa 3, kila kikundi 150. Aliona ni usawa. Vijana walifurahi, juu ya nini wasifurahi? Wavuvi walihesabu wakaona wao waliweka nusu ya feza yote na wamepata theluthi ya faida. Miezi miwili hawakuja ku kikao. Chama kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya hesabu ya mwaka wa sita.

Tuliifanya ubaoni, hapa hapa. 120, 180, 300. Zote zinagawanyika kwa 60: mafungu 2, mafungu 3, mafungu 5. Jumla mafungu 10. Faida 450 gawanya kwa 10, fungu moja ni 45. Vijana 90, wamama 135, wavuvi 225. Jumulisheni: 450. Basi vijana walipaswa kurudisha 60, wamama 15, na hiyo 75 iwaendee wavuvi.

Hapo kijana mumoja akasimama akasema neno lenye mpaka leo ninalifikiri. Alisema: "Mwalimu, hesabu yako iko sawa, lakini nani aliikuwa anasukuma mashine? Nani alikuwa anabeba mifuko? Jasho letu liko fungu la ngapi?" Na alikuwa na haki. Hesabu inajibu tu kile ulichoiuliza. Mimi niliiuliza juu ya feza iliyowekwa, haikujua jasho. Tulikubaliana vijana warudishe kwa mafungu madogo, na musimu uliofuata tukaandika siku za kazi pia mbele ya kugawa. Ubishi ulikuwa mukali, sitasema uongo. Lakini ulikuwa ubishi wa watu wenye wanaona namba moja ubaoni, si kila mutu na yake kichwani.

Turudi ku watoto. Kutoka pale mu mafungu kuna mutego wenye unawakamata hata wale wenye akili. Swali: mu kalasi kuna wavulana na wasichana, 3 kwa 2. Wote ni 45. Wasichana ni wangapi? Mutoto anaona 2 na 3, anaandika 2/3, anachukua 2/3 za 45, anapata 30. Na 30 iko pale kati ya majibu, munajua sasa nani aliiweka. Lakini 3 kwa 2 inasema mafungu 3 ya wavulana pembeni ya mafungu 2 ya wasichana. Wote pamoja ni mafungu 5. 45 gawanya kwa 5 ni 9, wasichana 18, wavulana 27. Na tena swali la maana: wavulana ni wengi kupita wasichana, ndiyo? Basi wasichana 30 kati ya watoto 45 inawezekana namna gani? Wangekuwa wengi wao. Haiwezekani, tupa.

Dawa ya huu mutego ni maharagi. Sisemi mufano, nasema maharagi ya kweli. Mutoto apange maharagi 3 upande huu, 2 upande ule, ahesabu yote: 5. Ao achore vibanda vitano vidogo vidogo ku karatasi. Akishaona kwa macho kama yote ni 5, hatasema tena theluthi.

Na vile vibanda vinamuokoa ku swali lingine, lenye halitoi jumla. "Baba amegawia watoto wawili feza, 3 kwa 5. Wa pili amepata 4 000 faranga kupita wa kwanza. Feza yote ilikuwa ngapi?" Mazoea yanasema: 3 na 5 ni 8, gawanya 4 000 kwa 8, ni 500. Vibaya, na mutoto hawezi kuona ni vibaya wapi kama hakuchora. Akichora vibanda 3 kwa huyu na vibanda 5 kwa yule, anaona yule anapita huyu vibanda 2. Zile 4 000 ni za vibanda 2. Kibanda kimoja ni 2 000. Vibanda vyote 8: 16 000. Mwishoni arudi nyuma: 6 000 na 10 000, tofauti 4 000, jumla 16 000. Vizuri. Kurudi nyuma kunachukua nusu dakika na watoto wetu hawakufanyi, juu sisi walimu hatukufanyi ubaoni. Tunaandika jibu, tunapiga mistari mbili chini, tunafuta.

Juu ya ramani sitakawia. 1/50 000 inasema sentimeta 1 ku karatasi ni sentimeta 50 000 ku inchi, ni kusema nusu kilomita. Sentimeta 8 ni kilomita 4. Kosa pale ni moja tu, sifuri: watoto wanasahau kutoka ku sentimeta kufika ku kilomita ni kukata sifuri tano. Hilo ni la kukariri, na kukariri haiko zambi.

Baba mumoja aliniuliza hapo mulangoni kama ile règle de trois ya mistari mitatu sasa tuitupe. Hapana. Ni chombo kizuri. Namba zikiwa ngumu, 7 kwa 4 550, mutafuta nini 13, ile njia ya soko ya kuongeza mara mbili mara mbili inachoka. Pale unashuka mpaka ku kimoja: 4 550 gawanya kwa 7 ni 650, mara 13 ni 8 450. Ninachosema ni kwamba mutoto ashuke ku kimoja kwa sababu anajua juu ya nini anashuka. Na mutoto mwenye kufika kwa njia yake, mwalimu asimuandikie zero. Mimi nimeacha.

Wafadhili wetu waliuliza mu barua yao ya mwisho kama tunataka vitabu. Vitabu ni vizuri na hatukatai. Lakini kama feza ni kidogo, mimi ningeanza na vitu vingine. Kwanza mizani moja ya kweli, yenye mawe yake. Pili fotokopi za mitihani ya miaka iliyopita, moja kwa watoto wawili, wasome pamoja, mumoja anasoma Kifaransa, mwingine anasema Kiswahili. Tatu kitu kidogo kwa wale walimu wawili vijana wenye wamekubali kutoa Jumamosi yao, angalau ya kununua biki na chakula cha saa sita. Ninajua kwa ripoti zenu vitabu vinahesabika vizuri kupita maharagi. Lakini munaona sasa mwenyewe.

Kuna neno lingine nataka kulisema ku chama, na najua halitapendeza wote. Tuko na sheria ya kwamba sanduku letu linasaidia kuingia mwaka wa saba wale tu wenye walipata mutihani. Wale wenye walianguka mara ya kwanza tunawaacha. Mutoto mwenye alianguka juu ya "respectivement", tunamuhesabu sawa na mutoto mwenye hakutaka kusoma. Sikuomba tulipie watu wote bila mupaka. Sanduku ninalijua, nililihesabu mwenyewe. Ninaomba tuweke fungu dogo, hata moja ku kumi, la kumulipia mwenye anarudia daftari na mutihani. Mulijadili. Nitakubali vyovyote kikao kitakavyosema.

Yule binti anarudia mwaka huu. Baba yake alikubali, kwa sharti moja, auze saa za mangaribi. Wiki iliyopita nilimupa lile la watu 6 na siku 14 za chakula, mugeni mumoja ameingia. Hakuandika kitu. Akatazama juu kidogo, akasema: "Douze. Lakini mwalimu, kama mugeni ni mutoto mudogo, ni zaidi kidogo." Nikamuambia ku mutihani aandike douze.

Masomo ya Jumamosi yataanza wiki hii, saa nane mpaka saa kumi, hapa ku chumba cha mikutano, kwa watoto wote wa mwaka wa sita na wenye wanarudia. Kila mutoto aje na biki, karatasi, na maharagi makavu ishirini mufukoni, yasipikwe njiani. Mama mwenye kuuza mawese ameahidi bidoni na makopo ya kupimia. Fundi wetu wa kujenga atakuja Jumamosi ya pili na ndoo zake. Mizani bado tunaitafuta. Mwenye kuwa nayo nyumbani, hata ya kuazima saa mbili, anione mbele ya kutoka.